Dirisha na Pazia Katika Nyumba za Irangi

Walimu wengi wafikao Kondoa, wakiiona tembe ya kale, husema ya kwamba wenyeji hawakujua faida ya mwanga. Neno hili twaliona kuwa si la haki, nasi twataka kueleza sababu.

Tembe, iliyokuwa nyumba ya Warangi wa Busi kama ilivyokuwa ya jirani zao Wagogo, ilijengwa kwa miti na fito zilizokandikwa udongo, na paa lake la bapa likafunikwa udongo vilevile. Mlango ulielekea uani, walikolala ng'ombe. Ukuta wa nje haukuwa na dirisha, ila pengine tundu dogo. Usiku waliogopwa wanyang'anyi wa mifugo, na simba na fisi. Mwezi wa Juni na Julai upepo wa baridi huvuma juu ya uwanda. Na moshi uliobaki ndani ulihifadhi boriti zisiliwe na wadudu. Basi ukuta ule ulikuwa ngao.

Wala haikuwa kwa kukosa nguo. Katika karne ya 19 misafara itokayo pwani ilitozwa hongo ya nguo na shanga ipitapo Ugogo, na miongoni mwa nguo hizo ilikuwamo merikani, iliyofumwa Marekani. Hivyo nguo ilitangulia dirisha kufika bara. Watu waliivaa, hawakuitundika ukutani, kwa maana hapakuwa na tundu la kusitiriwa.

Neno dirisha lenyewe watu wa pwani walilipokea kutoka Kiajemi, na maana yake ya asili ni mlango mdogo. Na mlango, hata ukiwa mdogo, hutaka kitu cha kuufunga. Watu wa Unguja na Lamu walilijua jambo hili zamani: madirisha ya nyumba zao za mawe yalitiwa nondo na mbao za kufunga, upepo upite na wa ndani wasionekane.

Huku bara dirisha lilienea pamoja na nyumba za misheni na za serikali, na zaidi tangu 1971, watu wa Dodoma walipoanza kuhamishiwa vijijini na kuhimizwa kujenga nyumba bora. Lakini waliohimiza walihesabu madirisha, hawakuuliza nini kitafanya kazi ya ule ukuta.

Wenye nyumba walijibu wenyewe. Mmoja huweka ubao wa kufunga usiku. Mwingine hutundika mkeka kuzuia vumbi. Mwingine hupitisha kamba katika upindo wa khanga au kitenge, nuru ikaingia na chumba kikasitirika. Pazia hilo si pambo tupu. Ni mrithi wa ukuta.

Kwa hiyo, mwalimu ashaurivyo watu kutoboa ukuta, na ashauri pia namna ya kulifunga tundu. Asiwaambie kwamba wazee wao walipenda giza, kwani walichopenda ni usalama na heshima ya nyumba.