Vita Vilivyoingia Kasulo Bila Sare

Sisi wapenzi wa vitabu vya kijeshi tunaipenda hadithi ya Vita vya Kagera. Mwaka 1978 mgambo wanaitwa kutoka vijijini, jeshi linavuka mto, na Aprili 1979 Kampala inaanguka. Ni vita vyenye mpaka, na adui ana sare. Lakini niliposhuka kwenye basi Benako, kata ya Kasulo wilayani Ngara, katikati ya malori yanayokwenda Rusumo, niliwaza vita vya aina nyingine, vile vidogo visivyokwisha. Somo lake lilifika hapa mapema.

Tarehe 28 Aprili 1994, Wanyarwanda walianza kumiminika kupitia daraja la Rusumo. Ndani ya saa 24 hivi walivuka watu wapatao 250,000. Mapanga waliyaacha mpakani, yakawa rundo. Ungedhani vita navyo vimeachwa pale. Wapi! Waliowaongoza wauaji waliingia kambini pamoja na akina mama na watoto. Juni mwaka huohuo, ilipotakiwa Jean-Baptiste Gatete, aliyewahi kuwa mkuu wa komuni ya Murambi, aondolewe Benako, maelfu ya watu waliwazingira wafanyakazi wa misaada. Mwaka 2011 mahakama ya kimataifa iliyokaa Arusha ilimtia hatiani kwa mauaji ya kimbari.

Sasa askari wa miguu, hata awe na shabaha namna gani, angempiga nani pale?

Swali hilo liliwafuata vijana wetu hadi Kongo. Mwaka 2013, kwa azimio namba 2098 la Umoja wa Mataifa, Tanzania, Afrika Kusini na Malawi ziliunda brigedi ya mapigano chini ya Brigedia Jenerali James Mwakibolwa wa JWTZ. M23, waliokuwa wameshika vilima na miji, walishindwa Novemba mwaka huo. FDLR, kundi lenye mizizi kwa waliokimbia Rwanda mwaka 1994, halikumalizwa, maana liliishi miongoni mwa raia. Desemba 2017, huko Semuliki, shambulio lililohusishwa na ADF liliua askari wetu wasiopungua 14.

Kwata na doria ni lazima, sibishi. Ila kikosi chepesi kinahitaji pia watu wanaojua lugha ya wenyeji, wanaojua nani anamtii nani, na wanaoweza kumtenga mwenye damu mikononi na mkimbizi mapema, kabla kambi haijawa ngome yake. Benako hilo lilichelewa, na deni lake bado linalipwa ng'ambo ya mpaka.