Kisutu cha Mama

Niliporudi nyumbani Chumbageni kutoka Makumbusho ya Urithi, pale kwenye Boma la zamani hapa Tanga, mama aliniuliza nimeona nini. Nikamwambia picha za zamani za mji. Akanyanyuka mkekani, akaingia chumbani, akarudi na doti ya kisutu inayonukia udi. "Na hiki, mwanangu, umekiona?"

Sikukiona.

Kisutu ni khanga ya bibi harusi. Rangi zake ni tatu: nyekundu, nyeusi na nyeupe. Hiki cha mama kina nakshi ndogondogo zilizojipanga mstari kwa mstari katika mji, yaani sehemu ya kati, na pindo limezunguka pande zote nne. Jina, yaani maneno, hakina. Khanga nyingine husema. Kisutu kimenyamaza, maana anayekivaa siku hiyo hana haja ya kumpiga mtu kijembe.

Ukikiinamia unaona mahali wekundu umevuka mstari mweusi kwa upana wa uzi mmoja. Visutu vya kwanza vilichapwa kwa mkono Gujarat, India: fundi alichonga mhuri wa mbao, akauchovya rangi, akaugandamiza juu ya kitambaa, na kila rangi ilikuwa na mhuri wake. Mkono ukiteleza kidogo, rangi hupishana. Hiki cha mama kimetoka mashineni, lakini sura ni ile ile ya mhuri.

Khanga yenyewe ilianza mwishoni mwa karne ya 19. Wanawake wa pwani walinunua leso, neno tulilolipata kwa Wareno, wakaunga sita pamoja, tatu juu na tatu chini, zikawa vazi. Wafanyabiashara walipoona wakaagiza kitambaa kizima kilichochapwa tayari. Jirani zetu wa Mombasa walimpata Kaderdina Hajee Essak, aliyetoka India na kuanza biashara mwaka 1887. Khanga zake zinajulikana kwa alama ya "Mali ya Abdulla". Maneno yaliingia baadaye, kwanza kwa herufi za Kiarabu.

"Basi mama, hii ni sanaa ya Wahindi," nikasema.

Akacheka. "Mwanamke gani wa Kihindi ulimwona na kisutu?"

Nikawakumbuka wenye maduka ya nguo mjini. Kisutu walikiuza, wake zao wakavaa sari. Kitambaa kilichapwa ng'ambo, lakini aliyekipenda au kukirudisha kaunta alikuwa bibi wa Kitanga, na alichokirudisha hakikuagizwa tena. Fundi wa Gujarat alichonga mbao yake kwa kufuata jicho la mtu asiyewahi kumwona.

Nilimuuliza mama kama angekubali kukipeleka Boma, watu wakione. Alikuwa ameshaanza kukikunja, akifuata mikunjo ile ile ya zamani.

"Mpwao anaolewa Mfungo Mosi," akasema. "Atavaa nini?"