Afya ya Akili ya Mtoto Mdogo: Jamaa wa Ekero Waende Wapi, na kwa Pesa Ngapi?

Sisi wa mwambao na ndugu zetu wa Mumias tuna ujamaa wa zamani. Misafara ya wafanyabiashara wa Kiswahili ilipita kwa Nabongo wa Wanga tangu karne ya 19, Uislamu ukashika mizizi huko, na mpaka leo mtu wa Mombasa akishuka Ekero husikia adhana na hapati shida ya kuelewana na watu. Kwa hivyo swali la mzazi wa Ekero ni swali letu pia. Mtoto wa miaka minne au mitano akibadilika, halali, hasemi, anapiga wenziwe au analia mchana kutwa, mzazi asiye na pesa ampeleke wapi?

Makala haya ni ya kuweka. Yamepangwa hatua kwa hatua ili msomaji ayarejee siku ya haja, au amtumie jamaa aliye bara.

Ukubwa wa jambo lenyewe

Shirika la Afya Duniani, katika ripoti yake ya mwaka 2022, lilikadiria kwamba asilimia 8 ya watoto wa miaka 5 hadi 9 wanaishi na tatizo la afya ya akili. Ukichukua darasa la watoto 50, hao ni wanne. Kwa wale wa miaka 10 hadi 19 ni asilimia 14. Na katika watu wote wenye maradhi ya akili, kiasi cha thuluthi huanza kuugua kabla ya kufika miaka 14.

Kwa mtoto mdogo huwezi kumtenga na mamake. Shirika hilohilo linasema kwamba katika nchi zinazoendelea, kina mama kama 16 katika kila 100 hupata tatizo la akili wakiwa na mimba, hasa huzuni kubwa, na baada ya kujifungua hufika 20. Mama aliyelemewa hawezi kumchekea mtoto, kumsemesha wala kumnyonyesha kwa utulivu. Mtoto naye hujifunza kusema, kutulia na kuwaamini watu kwa kuangalia uso ulio karibu naye.

Eneo la Mumias lina mzigo wake zaidi. Familia nyingi zilitegemea miwa, na kampuni ya sukari ya Mumias iliwekwa chini ya mrasimu mwaka 2019 baada ya miaka ya matatizo. Baba asiye na mapato, mama aliyebaki na madeni, ugomvi wa usiku: hayo yote humfikia mtoto hata kama hakuna aliyemwambia kitu.

Dalili za kuangalia

Kila mtoto hununa na kila mtoto hukaidi. La kuangalia ni mabadiliko yaliyodumu wiki kadhaa na kumzuia kucheza, kula, kulala au kujifunza.

Chini ya miaka mitatu: mtoto hamtazami mtu usoni, haitiki jina lake, hatamki neno lolote ilhali wenziwe wanasema, au alikuwa akisema kisha akaacha. Pia mtoto asiyebembelezeka na asiyetaka kunyonya.

Miaka mitatu hadi sita: ndoto za kutisha kila usiku, kung'ang'ania mzazi kupita kiasi, kuanza tena kukojoa kitandani baada ya kuacha, kujiumiza, au kuigiza katika mchezo jambo baya lililomtokea.

Miaka saba na zaidi: kuumwa tumbo au kichwa kila asubuhi ya shule, kujitenga, hasira zisizo na sababu, kushuka masomoni ghafla, au kusema kwamba afadhali asingekuwapo. Neno hilo la mwisho lichukuliwe kwa uzito siku hiyohiyo.

Kwa mama: kulia bila kujua sababu, kukosa usingizi hata mtoto akiwa amelala, kuona hana thamani, au kuogopa kubaki peke yake na mtoto.

Pa kuanzia, na gharama yake

Mhudumu wa afya ya jamii. Mwaka 2023 serikali ilizindua wahudumu zaidi ya 100,000 nchini, kila mmoja akiwa na kaya kama 100 za kuzitembelea. Huyu ni mtu wa kijijini kwako na hamlipi kitu. Kazi yake si kutibu akili, bali anaweza kukuandikia rufaa na kukusindikiza ili usizungushwe. Asiyemjua wake amuulize mzee wa mtaa au zahanati iliyo karibu.

Zahanati na kituo cha afya. Tangu Oktoba 2024 bima ya zamani ya NHIF ilipisha Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA. Huduma za msingi katika zahanati na vituo vya afya, yaani ngazi ya 2 na ya 3, hulipwa na mfuko wa serikali kwa kila aliyejiandikisha. Kujiandikisha ni bure, kwa simu ukibonyeza *147#. Usisahau kuwaandikisha watoto kama wategemezi wako, maana wazazi wengi hujiandikisha wenyewe wakadhani yamekwisha. Mtoto wa chini ya miaka mitano umpeleke kliniki ya mama na mtoto pamoja na kitabu chake. Usiseme tu kwamba mtoto hana raha. Sema ni tabia gani, imeanza lini, na hutokea mara ngapi. Mama naye aseme hali yake bila haya, na aombe kuulizwa maswali ya kupima huzuni ya uzazi. Maswali hayo ni kumi tu na hayachukui muda mrefu.

Hospitali ya rufaa. Ikihitajika daktari wa akili, njia ya mtu wa Ekero ni hospitali ya rufaa ya kaunti mjini Kakamega, kiasi cha kilomita 30. Jambo likizidi hapo kuna hospitali ya rufaa na mafunzo ya Moi mjini Eldoret. Hapa ndipo mchango wa SHA unapohitajika. Mwenye mshahara hukatwa asilimia 2.75. Asiye na mshahara hupimwa hali yake, na kiwango cha chini ni shilingi 300 kwa mwezi, akitakiwa kulipa mwaka mzima kwa pamoja, yaani shilingi 3,600. Kwa mkulima mdogo au mwenye bodaboda hizo si pesa ndogo. Mpango wa Lipa SHA Pole Pole uliletwa ili asiyeweza kulipa kwa mkupuo alipe kidogo kidogo. Alipe kabla ya ugonjwa, asingoje siku ya kulazwa.

Kituo cha tathmini ya elimu, EARC. Vituo hivi vya serikali vipo tangu mwaka 1984. Humpima mtoto aliyechelewa kusema, mwenye usonji, mwenye shida ya kusikia au ya kujifunza, na kumshauri mzazi shule inayomfaa. Watoto wengi wanaoitwa wakaidi huwa hawasikii vizuri tu. Anayethibitishwa kuwa na ulemavu anaweza kusajiliwa na Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu. Familia yenye mtu mwenye ulemavu mkubwa inaweza kuomba kuingizwa katika Inua Jamii, ambayo hutoa shilingi 2,000 kwa mwezi.

Simu za bure. 116 ni ya watoto, na hupokewa usiku na mchana. 1199 ni ya Shirika la Msalaba Mwekundu, na mtu hupata ushauri nasaha kwa simu. 1195 ni ya wanaopigwa au kudhulumiwa kijinsia. Ikiwa mtoto ameguswa vibaya au anapigwa nyumbani, anza na simu hizi na hospitali, wala usianze na kikao cha ukoo.

Yaliyokwisha kufanyika magharibi mwa Kenya

Wapo wanaosema huduma hii ni ya matajiri wa Nairobi. Ushahidi unakataa, na upo jirani kabisa na Ekero.

Katika kaunti ya Bungoma, na huko Moshi nchini Tanzania, watoto 640 wa miaka 7 hadi 13 waliofiwa na mzazi mmoja au wote wawili waliingizwa katika utafiti ambao matokeo yake yalichapishwa mwaka 2020. Nusu walipata vikao 12 vya kikundi na vichache vya mtoto mmoja mmoja, walezi wao wakishirikishwa. Washauri hawakuwa madaktari. Walikuwa watu wa kawaida ambao hawakuwahi kusomea afya ya akili, wakafunzwa na kusimamiwa. Watoto wa Bungoma waliopata vikao walipona athari za msiba kuliko wenzao, na mwaka mmoja baadaye nafuu hiyo ilikuwa bado ipo. Kazi hiyo, kwa jina la Pamoja Tunaweza, ikaendelea Bungoma mikononi mwa walimu wa shule na wahudumu wa afya ya jamii.

Kwa wadogo zaidi kuna Msingi Bora. Vijiji 60 vya magharibi mwa Kenya vilihusishwa, na mama 1,152 wenye watoto wa miezi 6 hadi 24. Wahudumu wa afya ya jamii waliwakutanisha kina mama katika vikundi kila baada ya wiki mbili, vikao 16, wakafundishana kucheza na mtoto, kumsemesha, na kulea bila ukali. Matokeo yalichapishwa mwaka 2021: watoto wa vikundi walipiga hatua katika kufikiri, kuelewa maneno na kutangamana na watu. Kikundi kilifaa bila hata kuongeza ziara za nyumba kwa nyumba, na kikundi ndicho chenye gharama ndogo.

Dua na dawa

Mtoto akianguka au akiweweseka, wengi wetu hukimbilia kombe, na wengine kwa mganga. Kumsomea mtoto ni jambo jema na humtuliza yeye na mzazi. Lakini Mtume (s.a.w.) ametufundisha pia tutafute matibabu. Kifafa kina dawa, na kikicheleweshwa humdhuru mtoto. Anayekutoza maelfu ili amfunge mtoto kamba, amfukize au amchape atokwe na shetani, huyo anaongeza maradhi. Imamu na mwalimu wa chuo wakisema hadharani kwamba kwenda hospitali si upungufu wa imani, wataokoa watoto kuliko bango lolote. Na fimbo, chuoni au shuleni, haiponyi woga. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inakataza kumpiga mwanafunzi na kumnyanyasa kiakili.

Yasiyo na gharama

Mlaze mtoto saa moja ileile kila siku. Mpe dakika 15 za kucheza naye, simu ikiwa mbali. Mtajie anachohisi, "umeogopa", "umekasirika", ili apate maneno ya kusema badala ya kupiga. Mama mzazi asaidiwe kulala: nyanya, khalati au shangazi ashike mtoto. Baba asikae pembeni.

La kudai

Marekebisho ya Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2022 yameziwekea serikali za kaunti wajibu wa kutoa huduma hii kwa wananchi wao. Kila mwaka kaunti huita wananchi kutoa maoni ya bajeti. Jamaa wa Ekero na Mumias waende wakadai mambo matatu: wahudumu wa jamii wafunzwe vikao kama vya Bungoma, kila kituo cha afya kiwe na siku maalumu ya mshauri nasaha, na kina mama wapimwe huzuni kila wanapopeleka mtoto kuchanjwa. Nasi wa Mombasa, Kilifi, Kwale na Lamu tudai hayohayo kwetu.

Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua. Mwenye mtoto aliyebadilika na aanze wiki hii, kwa mhudumu wa mtaa wake au kwa kubonyeza 116.