Taka za kielektroniki: sheria tunayo, je, itafika Keringet?

Simu iliyokufa haiozi. Televisheni ya kichogo, redio, chaja, kompyuta, taa ya sola na nyaya zake, vyote vikishaharibika huitwa taka za kielektroniki. Ripoti ya Umoja wa Mataifa iliyotoka 2024 ilikadiria kuwa dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka hizi mwaka 2022, na chini ya robo yake ndiyo iliyothibitishwa kukusanywa na kuchakatwa inavyopaswa. Kenya peke yake inakadiriwa kuzalisha zaidi ya tani 50,000 kwa mwaka.

Sisi wa Pwani tunaijua hatari yenyewe. Mtaani Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda kiliyeyusha betri kuukuu za magari kutoa madini ya risasi, na sumu ikaingia katika damu za watu, watoto wakiwamo. Mwaka 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliamuru wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikaurudisha uamuzi huo baada ya kubatilishwa kwenye rufaa. Betri ya gari si simu, lakini risasi ni ile ile iliyomo kwenye vioo vya televisheni za zamani na kwenye lehemu ya mbao za saketi. Kuchakata bila uangalizi kunaweza kudhuru kuliko kutupa.

Serikali imefanya nini?

Mwaka 2010 mamlaka ya mazingira, NEMA, ilitoa miongozo ya kushughulikia taka hizi. Miongozo ni nasaha; haimfungi mtu. Sheria yenye meno ilikuja 2022, Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka. Ndani yake mna wajibu wa mzalishaji: anayetengeneza bidhaa au kuiingiza nchini ndiye mwenye mzigo wa kuigharamia hata ikishakuwa taka. Kanuni za kuutekeleza wajibu huo zilitoka 2024. Kaunti nazo, ambazo Katiba imezikabidhi kazi ya kuzoa taka, zinatakiwa ziwe na vituo vya kuchambua na kuokoa kinachofaa.

Tusichanganye wajibu huu na ushuru wa mazingira uliokuwa katika Mswada wa Fedha wa 2024, uliokufa pamoja na mswada wenyewe baada ya maandamano ya Juni. Ushuru ungeingia katika hazina ya serikali. Wajibu wa mzalishaji unataka fedha ziende moja kwa moja kwenye kukusanya na kuchakata.

Kwa nini Keringet?

Nauchukua mji wa Keringet, Kuresoi Kusini, kaunti ya Nakuru, kuwa kipimo changu. Ni nchi ya chai, viazi na maziwa, kandokando ya msitu wa Mau, ambako mito huanza safari ya kwenda Ziwa Viktoria. Simu, sola na televisheni zimefika huko kama zilivyofika Lamu na Kwale, na bidhaa nyingi za bara hupitia bandari yetu. Tangu 2016 serikali yenyewe iligawa zaidi ya vifaa milioni 1 vya kidijitali katika shule za msingi za umma nchini. Vifaa hivyo navyo vina umri.

Sasa piga hesabu. Kituo cha kuchakata kinachojulikana zaidi nchini, WEEE Centre, kiko Nairobi, zaidi ya kilomita 200 kutoka Keringet. Nani atalipa nauli ya simu mbovu? Mnunuzi wa vyuma chakavu hutaka shaba tu. Akiuchoma waya apate shaba, moshi wake ni sumu kwa aliye karibu. Kilichobaki huishia shimoni, na mvua ya Mau haiachi kitu mahali pake.

Rwanda ilianza na kiwanda cha Bugesera na vituo vya kukusanyia wilayani. Nasi tunahitaji mambo matatu. Kwanza, fedha za wazalishaji zilipe usafiri kutoka vijijini, si kuchakata tu. Pili, fundi wa simu na mnunuzi wa chakavu wapewe mafunzo na bei nzuri, kwa maana wao ndio wakusanyaji waliopo tayari. Tatu, kila shule iliyopewa vifaa iambiwe wazi vitarudishwa wapi vikifa.

Msomaji, kwa sasa usichome waya, usivunje betri, wala usimwachie mtoto achezee. Weka mahali pakavu, kisha muulize diwani wako kituo cha wadi kiko wapi. Dini yetu imehesabu kuondoa kero njiani kuwa ni katika imani, na kero hii tumeinunua kwa fedha zetu wenyewe. Sheria ya Nairobi itakuwa sheria kweli siku mkulima wa Keringet atakapokuwa na pa kuipeleka simu yake iliyokufa.