Kura 1,254 za Nkasi Kaskazini

Mwishoni mwa Oktoba 2020 matokeo ya ubunge yalikuwa yakisomwa jimbo baada ya jimbo, na upinzani ukianguka kila upande. Freeman Mbowe aliangushwa Hai, Halima Mdee Kawe, Zitto Kabwe Kigoma Mjini. Jirani zetu wa Mbeya Mjini walimwondoa Sugu wakampa kiti Dk. Tulia Ackson. Kati ya majimbo 264, CCM ilibeba 256. Chadema iliambulia kiti kimoja tu cha kuchaguliwa nchi nzima, nacho hakikutoka Kilimanjaro wala Dar es Salaam. Kilitoka huku Ufipa, Nkasi Kaskazini, ambako Aida Khenani alipata kura 21,226 na Ally Keissy wa CCM akapata 19,972.

Ukiwauliza watu wa Sumbawanga mzee Keissy alishindwaje, wengi watakujibu kwa neno moja: alichokwa. Jibu hilo lina ukweli, ila halitoshi. Wabunge waliochokwa walikuwa wengi mwaka ule, na wengi wao walirudi Dodoma kama kawaida.

Keissy aliingia bungeni mwaka 2010 na kukaa miaka kumi. Nchi nzima ilimjua kwa mdomo wake usio na breki. Aliwahi kuwachefua wabunge wa Zanzibar kwa kuhoji mchango wao katika gharama za Muungano, na baadaye akawa miongoni mwa waliotaka Rais Magufuli aongezewe muda kupita ukomo wa Katiba. Kwa waandishi wa habari alikuwa lulu, maana akisimama tu kichwa cha habari kimepatikana. Tusimwonee, mambo ya jimbo lake pia aliyasema. Lakini mbunge anayesikika zaidi kwa mambo ya Zanzibar na Ikulu kuliko ya Kirando anajitengenezea deni nyumbani, na deni la miaka kumi halilipwi kwa siku sitini za kampeni.

Jimbo lenyewe nalo si jepesi. Juu kuna Namanyere na vijiji vya mahindi na maharage. Chini kuna Kirando, Kipili na Kabwe, watu wa dagaa na migebuka, ambao jua likizama wanaiona Kongo ng'ambo ya ziwa. Mkulima na mvuvi hawalii kilio kimoja. Mkulima wa Ufipa hajasahau mwaka 2017, Serikali ilipozuia mahindi kuuzwa nje na bei ikaporomoka, gunia likabaki ghalani huku mbolea ya msimu unaofuata ikimsubiri. Mvuvi ana nyavu, leseni na tozo zake. Mgombea wa chama tawala huzibeba hasira zote mbili kwa pamoja, hata zile ambazo hakuzisababisha yeye.

Lakini hasira peke yake haimwingizi mtu bungeni. Lazima iwe na pa kwenda, na hapa ndipo Khenani anapoingia. Tangu mwaka 2015 alikuwa mbunge wa viti maalumu wa Chadema kutoka Rukwa. Viti maalumu tunavidharau, tunasema ni vya kupewa, na mara nyingi tunasema kweli. Havina jimbo wala mfuko wa jimbo. Hata hivyo vina kipaza sauti, vina mshahara unaotosha kuweka mafuta kwenye gari, na vina miaka mitano ya kufika msibani na kwenye harambee kabla kampeni haijatangazwa. Anayejua kuitumia nafasi hiyo hafiki kwenye uchaguzi akiwa mgeni. Keissy hakukabiliana na kijana aliyeokotwa mwezi Julai. Alikabiliana na mbunge mwenzake, ambaye watu walikwishazoea kumwita mheshimiwa.

Halafu kuna jambo la kawaida mno ambalo wachambuzi hulipita: jina la Khenani lilikuwepo kwenye karatasi. Mwaka ule wagombea wengi wa upinzani walienguliwa wakati wa uteuzi, na zaidi ya wagombea 20 wa ubunge wa CCM wakapita bila kupingwa, akiwemo Waziri Mkuu Kassim Majaliwa kule Ruangwa. Penye jina moja, aliyechokwa na aliyependwa wote wanashinda. Chadema ililalamika pia kwamba mawakala wake walizuiwa vituoni sehemu nyingi, na ikayakataa matokeo ya uchaguzi mzima, huku ikiwa na jimbo moja mkononi.

Ndani ya kituo, mpiga kura wa Bara alipewa karatasi tatu: ya rais, ya mbunge na ya diwani. Kura zikishahesabiwa, matokeo ya ubunge hujazwa kwenye fomu 21B, mawakala wanasaini, nakala inabandikwa hapo kituoni. Nchi nzima Magufuli alipata asilimia 84 na Tundu Lissu asilimia 13. Matokeo ya Nkasi hayaeleweki mpaka ukubali kwamba wapo waliomtikia Magufuli kwenye karatasi ya kwanza, kisha wakamruka Keissy kwenye ya pili, mkono uleule na kalamu ileile. Hawakuikataa CCM. Walimkataa mtu iliyowaletea.

Na hawakumkataa kwa mbali. Tofauti ilikuwa kura 1,254. Laiti watu 628 tu wangeihamishia kura yao kwa Keissy, leo tusingekuwa na habari ya kuandika. Hao hata mnada mmoja hawaujazi.

Ukanda huu si mgeni wa mambo hayo. Mpanda ilipokuwa bado ndani ya Mkoa wa Rukwa, kabla ya Katavi kuzaliwa mwaka 2012, mjini pale Said Arfi wa Chadema alishinda mwaka 2005 na tena 2010. Hapa Sumbawanga Mjini, mwaka huohuo wa 2010, Aeshi Hilaly wa CCM alimpita Norbert Yamsebo wa Chadema kwa kura chache, kesi ikafunguliwa, Mahakama Kuu ikautengua ushindi huo Aprili 2012, kisha Mahakama ya Rufaa ikamrudishia Aeshi kiti chake. Anayesema Rukwa ni ngome isiyotikisika hajafuatilia.

Mfano wa mbali zaidi uko Mbulu. Katika uchaguzi wa mwaka 1960, TANU ilichukua viti 70 kati ya 71, na 58 kati ya hivyo haikupata hata mpinzani. Kimoja kilichoiponyoka kilikwenda kwa Herman Sarwatt. Naye hakuwa adui wa TANU, alikuwa mwanachama wake. Chama kilimsimamisha Chifu Amri Dodo, Sarwatt akaingia kama mgombea binafsi, wananchi wakamchagua yeye. Mwaka ambao nchi nzima ilikuwa TANU, Mbulu walikuwa TANU pia, ila mbunge walimtaka wao. Miaka sitini baadaye mgombea binafsi haruhusiwi, kwa hiyo anayemkataa mgombea wa chama chake hana budi kuvuka mpaka wa chama siku moja, apige kura, arudi.

Nani kati ya hao waliovuka Nkasi alikuwa amerudi, na nani alihama moja kwa moja, ilitakiwa ijulikane mwaka 2025. Haikujulikana. Aprili mwaka huo Chadema ilikataa kusaini kanuni za maadili ya uchaguzi, Tume ikaizuia kushiriki, na Oktoba karatasi za kura zilifika Namanyere na Kirando bila jina la chama hicho.