Zamu za Lacor

Mapema Oktoba 2000, wanafunzi wa uuguzi katika Hospitali ya Lacor, nje kidogo ya mji wa Gulu, kaskazini mwa Uganda, walianza kufa. Homa, kutapika, kuhara, kisha damu. Mkuu wa hospitali, Dkt. Matthew Lukwiya, alikuwa Kampala akisomea shahada ya uzamili. Akapigiwa simu, akarudi, akakesha akipekua mafaili ya wagonjwa. Hakungoja majibu ya maabara kutenga wodi. Majibu yalipotoka Johannesburg katikati ya mwezi, kirusi kilikuwa Ebola, ile aina ya Sudan.

Wodi imepatikana, nani ataingia? Lukwiya aliomba watu wa kujitolea, na manesi walijitokeza.

Hawakuwa wageni wa shida. Hospitali hiyo, iliyoanzishwa mwaka 1959 na wamisionari wa Comboni na kukuzwa na madaktari Piero Corti na mkewe Lucille Teasdale, ilikuwa katikati ya vita vya waasi wa Joseph Kony. Kila jioni maelfu ya wanavijiji, wengi wao watoto, walimiminika kulala ndani ya uzio wake kwa kuhofia kutekwa. Kwa hiyo Ebola haikuwakuta wauguzi wa Lacor wakiwa wamepumzika. Iliwakuta tayari wamebeba mzigo wa miaka.

Kazi yenyewe? Gauni, aproni, mabuti, barakoa, miwani, glavu mbili mbili, yote hayo katika joto la Gulu. Ndani ya mavazi hayo muuguzi alimnywesha mgonjwa maji, akambadilishia shuka zilizolowa, akadeki matapishi kwa klorini, akamshika mtu aliyechanganyikiwa asianguke kitandani. Jamaa waliozoea kumwogesha na kumlisha ndugu yao hospitalini sasa walizuiwa, na kazi zao zote zikamwangukia yeye. Akitoka zamu, mitaani watu walimkwepa.

Ebola huwa inasimuliwa kama ugonjwa unaoua wauguzi kwa sababu ya uhaba wa vifaa na kutojua. Ndivyo ilivyokuwa Yambuku, Kongo, mwaka 1976: sindano chache zilitumika kwa wagonjwa wote wa siku nzima, na watumishi 11 kati ya 17 wa hospitali wakafa. Gulu inaivuruga hadithi hiyo. Huko, kati ya watumishi wa afya 22 walioambukizwa, 14 waliambukizwa baada ya wodi za kutenga wagonjwa kufunguliwa. Yaani ugonjwa ulikuwa umeshajulikana, glavu zipo, kanuni zimeshafundishwa. Ni vigumu kuitazama hesabu hiyo bila kuufikiria uchovu: mkono uliovua glavu mara nyingi mno, jicho lililofutwa jasho kwa kusahau.

Mwishoni mwa Novemba, subira iliisha. Katika siku moja walikufa watu saba, watatu kati yao wakiwa watumishi wa afya. Asubuhi wauguzi na wahudumu wapatao 400 walikusanyika katika ukumbi wa chuo cha uuguzi, walitaka kuondoka. Wengine wangeuita mgomo, lakini lilikuwa swali la haki kabisa: tutazikana mpaka abaki nani? Lukwiya alizungumza nao kwa saa nyingi. Mtu aliyewahi kujitoa kwa waasi, Ijumaa Kuu ya 1989, ili wawaache watawa Waitalia, alikuwa na haki ya kusema kwamba yeye atabaki. Wakarudi kazini.

Wakati huo huenda yeye mwenyewe alikuwa ameshaambukizwa. Siku chache kabla ya kikao hicho, yapata saa kumi na moja alfajiri, alikuwa ameitwa kumsaidia muuguzi mwenzao aliyekuwa akivuja damu na kuhangaika huku akishuka kitandani. Daktari alivaa barakoa, gauni na glavu mbili. Miwani hakuvaa. Inaaminika hapo ndipo kirusi kilipompata. Alifariki tarehe 5 Desemba, akazikwa na wenzake waliovalia mavazi ya kujikinga, kando ya kaburi la Teasdale, katika uwanja wa hospitali.

Tarehe 27 Februari 2001 Uganda ilitangazwa kuwa huru na Ebola. Walikuwa wameugua watu 425, wakafa 224. Magazeti ya dunia yalimkumbuka daktari, na alistahili. Wauguzi wa Lacor waliotangulia kufa kabla yake hutajwa zaidi kwa idadi.

Aina hiyo hiyo ya Sudan ilirudi Uganda Septemba 2022, safari hii ikianzia Mubende. Hakukuwa na chanjo yake iliyoidhinishwa. Hadi mlipuko huo ulipotangazwa kumalizika Januari 2023, watumishi wa afya 19 walikuwa wameambukizwa, na saba kati yao wamekufa.