GEC: tuiamini kiasi gani?

Groupe d'étude sur le Congo (GEC) ilizaliwa kwenye Chuo Kikuu cha New York. Jason Stearns, aliyeongoza wataalamu wa ONU juu ya Kongo mwaka 2008, njo aliianzisha. Kwa hiyo wengine wanaiita sauti ya wazungu. Lakini anwani peke yake haitoshi kuhukumu, angalia kazi. Baromètre ya usalama ya Kivu, iliyoanza 2017 pamoja na Human Rights Watch, ilihesabu mauaji na utekaji, tukio kwa tukio, na kueleza namna ya kuhakikisha habari. Hapo ni imara. Ila kijiji kisicho na réseau, wafu wake wanaweza kukosa hesabuni: chukua namba hizo kama kiwango cha chini. Sondage za uchaguzi, walizofanya na BERCI, ni kitu kingine: uliza kwanza nani aliulizwa, na lini.